Njia ya Mkokoteni

Mwaka 1965 Mniko alivuka mpaka kutoka Tarime pamoja na mkewe Kezia na mtoto wao Gisiri. Walipata shamba karibu na ziwa, huko Kisegi. Mniko aliwajua ng'ombe na mikokoteni yao. Ziwa hakulijua hata kidogo.

Wiki ya kwanza aliona mnyama mwenye mkia mrefu ufukoni. Akapiga yowe, "Mamba! Mamba!" Wavuvi walikuja mbio na mapanga. Kumbe ni kenge tu, mwizi wa mayai ya kuku. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Tangu siku hiyo jina lake likawa Baba Kenge. Mniko alicheka nao, lakini moyoni aliona aibu kubwa. Akaapa kwamba hatamwuliza mtu kitu tena.

Siku chache baadaye aliona njia kwenye nyasi. Ilikuwa na mifereji miwili, na katikati nyasi zimesimama.

"Hii ni njia ya mkokoteni," alimwambia Kezia. "Itakufikisha majini upesi."

"Mbona sioni alama za kwato?" Kezia aliuliza. "Na haya mavi yaliyotapakaa juu ya vichaka, ni ya ng'ombe gani?"

Mniko naye alikuwa amejiuliza hayo hayo. Jirani yao Phelesia, mjane aliyekausha samaki, alikuwa pale pale uani kwake. Kumwuliza kulikuwa kazi ndogo. Lakini Mniko aliogopa kuchekwa.

"Wewe pita tu," alisema.

Kesho yake alfajiri Kezia alichukua debe akashuka. Mniko alisikia mlio mzito, kisha kishindo cha bati. Akatoka mbio. Alimkuta mkewe kwenye kichaka cha miiba, mikono inatoka damu. Debe lilikuwa limepondeka njiani. Kiboko alikuwa ameshaingia majini.

Phelesia naye alifika akihema. "Nani aliwaonyesha hii njia?"

Kezia alimtazama mumewe. Mniko alitamani ardhi immeze.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani ni ya mkokoteni."

Phelesia hakucheka. "Baba Gisiri, hapa kwetu mkokoteni iko wapi? Hii ni njia ya kiboko. Miguu yake iko mbalimbali, ndiyo inachimba mifereji mbili. Mavi anarusha na mkia. Jioni anatoka kula nyasi, alfajiri anarudi. Ukiwa katikati yake na maji, ni kama umemfungia mlango. Chota maji jua ikiwa juu, pale peupe, pamoja na wenzako."

"Mavi niliyaona, mama. Niliona haya kuuliza."

"Hata sisi tulikosa," Phelesia alisema polepole. "Tulikucheka sana."

Siku hiyo hiyo Mniko alifyeka njia mpya hadi mahali peupe. Lile debe alilitundika kwenye mti penye njia ya zamani. Kezia akawa anachota maji saa nne na wanawake wenzake. Hakukimbizwa tena.

Mwaka uliofuata alihamia mgeni mwingine kutoka Tarime, jina lake Magige. Alisimama mbele ya lile debe.

"Hii njia ni ya mkokoteni?" aliuliza.

Mniko alisikia uso ukimwaka.

"Ni ya kiboko," alijibu. "Hata mimi nilikosea, nusura nimpoteze mke wangu. Wewe uliza chochote. Ukipotea, ulizia kwa Baba Kenge. Ndiye mimi."