Sauti Iliyoitika Wagenia

"Dolari mia mbili," Mama Ursule alisema. "Donc iyo njo beyi ya jina ya mutoto yangu?"

"Mama, sikusema vile."

"Ulisema, Bavon. Niko na masikio mbili. Ulisema wageni ya Kinshasa batalipa dolari mia mbili kama jina ya Jephté inatoka ku majina munaita."

Bavon alisimama mlangoni mwa nyumba yake mtaani Kabondo, Kisangani, viatu vya mbio mkononi, hajui aangalie wapi. Mama Ursule alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Kitanda chake kilikuwa kimeegemezwa ukutani tangu siku Jephté alipokufa. Kwao Yanonge mama halali kitandani kabla hajamzika mtoto, na mto haukuwa umemrudisha Jephté ili azikwe.

"Banaogopa, mama. Banakuya kukimbia, habakuye ku matanga."

"Miye pia sikukuya ku matanga. Matanga njo ilikuya kwangu."

Bavon alihamisha viatu mkono wa pili.

Yeye ndiye kiongozi wa Miguu ya Asubuhi, kundi linalokimbia kila kunapopambazuka. Wanaanzia mbele ya kanisa kuu, wanapita sokoni wakati akina mama wanapanga kwanga, ile mikate ya muhogo, na samaki wa moshi, wanashika ukingo pale mitumbwi ya Lubunga, ng'ambo ya mto, inaposhusha watu na mihogo, kisha wanapanda na mto mpaka maporomoko ya Wagenia. Njia nzuri, hakuna wa kubisha. Ukungu ukianza kuinuka, nguzo ambazo wavuvi hutundika mitego yao zinajitokeza moja moja katikati ya povu, na hata mtu wa kelele ananyamaza. Ndiyo maana wageni walitaka kulipa.

Pale Wagenia wanageuka. Kabla ya kugeuka, Bavon anaita majina, kila mmoja anaitika "Niko!", maana kwenye ukungu ni rahisi kumwacha mtu nyuma. Asubuhi ile Jephté aliitika kama wengine, akashuka kunawa uso, mguu ukateleza juu ya jiwe. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka. Tangu hapo, Bavon akifika kwenye jina lake, kundi zima linasema pamoja, "Iko!", yaani yupo. Mama Ursule ndiye aliyeomba hivyo. Ilikuwa heshima. Ilikuwa ujinga pia, kumwita mtu aliyekufa maji kando ya maji yaleyale, lakini nani angekuwa na moyo wa kumwambia hivyo mama anayelala chini?

"Ukitosha jina yake ku majina munaita," Mama Ursule alisema, "unamuua mara ya pili. Na miye nitakuona ni weye uliua."

Bavon aliondoka bila kuaga.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito. Bavon aliita Kadidja, akaitika. Akaita Franck, akaitika. Akaita Jephté, na kabla kundi halijafungua mdomo, mtu mmoja akasema upande wa maji, taratibu:

"Niko."

Walitazamana.

"Nani anacheza?" Bavon alifoka. "Franck, ni weye?"

"Yaya, miye niko hapa mbele yako," Franck alijibu, akimwita kaka kama wote wanavyomwita.

"Basi ni muvuvi."

Hakukuwa na mvuvi. Timothée, ambaye jina lake lilifuata lile la Jephté, aliitika kwa sauti ndogo, wakageuka wakaanza kurudi, na njiani harufu ya matope ya chini kabisa ya mto, yale ambayo jua halijawahi kuyaona, ikawafuata, na nyuma ya miguu yao mikavu wakasikia miguu mingine, mizito, iliyolowa, inayopiga ardhi kwa mwendo uleule wa Jephté, mguu wa kushoto ukivuta kidogo, na kila walipoongeza mbio nayo iliongeza, mpaka walipoona moshi wa akina mama wa sokoni ndipo ikakoma.

Kadidja, ambaye baba yake anasalisha msikitini, alimshika Bavon mkono.

"Ile ni jini ya mayi, yaya," alinong'ona. "Usiite tena. Ni siye tunaipatia mulango."

Bavon aliwaambia wote wafunge midomo. Lakini hiyo ni Kisangani. Jua halijawa kali, habari ilikuwa imeshafika Kabondo, na Mama Ursule alikuwa amesimama barabarani akimngoja, amejifunga kitambaa upya kichwani.

"Aliitika?"

"Mama..."

"Bavon, nauliza. Aliitika?"

"Kitu iliitika."

Mama alicheka. Tangu msiba hakuna aliyekuwa amemsikia akicheka, na Bavon alitamani asingemsikia. "Sauti yake ilikuwa namna gani? Alikuwa ingali na mafua? Siku ile alitoka hapa na mafua, nilimukatalia kwenda."

Bavon alienda moja kwa moja kwa Mama Clothilde, muombezi wa chumba cha maombi cha mtaa wao. Mama Clothilde alishuka naye Wagenia, akamwaga mafuta juu ya mawe, akaamuru kwa jina la Yesu mpaka koo likamkauka. Alipomaliza hakujisifu.

"Haitoki," alisema. "Munaiita kila siku, itoke kwenda wapi? Jina ile muache."

Wakaliacha. Mama Ursule hawakumwambia.

Asubuhi ya kwanza bila jina lile, wageni wa Kinshasa walikuwepo, wanne, na viatu vipya. Ukungu ulikuwa mwepesi, mto uling'aa, mgeni mmoja akasema hajawahi kuona mahali pazuri namna hii. Bavon aliita Kadidja. Aliita Franck. Aliruka jina lile, akaita Timothée.

"Niko," kitu kikajibu kutoka kwenye maji. Kwa sauti ya Timothée.

Timothée alikuwa amesimama katikati yao. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena kama samaki aliyetupwa mchangani, akajishika koo kwa mikono miwili akimwangalia Bavon, na hakikutoka kitu, hata pumzi yenye sauti, ila maji kidogo ya rangi ya chai yaliyomtiririka kidevuni yakalowesha kifua, huku wageni wakirudi nyuma hatua kwa hatua, kisha wakikimbia, kila mtu na njia yake. Dolari zao ziliondoka nao. Hakuna aliyeziulizia.

Tangu hapo Timothée akawa wa kulala ndani, bila sauti. Mkewe, Naomie, alikuja kwa Mama Ursule na macho mekundu, akapiga magoti kwenye mkeka.

"Mama, miye sikuye na fujo. Namuita bwana yangu ku chumba, ananiangalia tu. Sauti yake inajibu ku pipa ya mayi, inje. Namuita tena, pipa inajibu. Nilimwanga ile mayi yote, mama. Pipa ikajibu vile iko bure, bila mayi."

Mama Ursule alimwinua, akamketisha kando yake.

"Ni miye," alisema. "Ni miye nilikatala banyamaze."

"Sikuye kukushitaki."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Kulipopambazuka Mama Ursule alikwenda Wagenia kwa miguu, polepole, Bavon nyuma yake. Hakubeba mafuta wala Biblia. Alishuka kwenye jiwe lile alipoteleza Jephté, akaingia majini na kitenge chake mpaka magotini.

"Jephté."

"Niko."

Ilikuwa sauti yake, bila kosa, hata yale mafua ya siku ile. Bavon aligeuza uso.

"Uko na baridi?"

"Niko."

"Unakulaka kitu huko?"

"Niko."

"Papa yako, ule alikutangulia kufa, ulimuona?"

"Niko."

Ukungu ulikuwa umesimama. Nguzo za wavuvi hazikuonekana tena, na harufu ya matope ilipanda mpaka Bavon akafunika pua. Kitu kilikuwa kimesogea chini ya maji, kwa maana mawimbi yalimzunguka mama, yakaanza kumvuta kitenge kuelekea kwenye kina, pole, kama mtoto anayemvuta mama yake kumwonyesha kitu, na mama akapiga hatua moja, halafu nyingine, maji yakafika mapajani.

"Nani alibeba mutoto yangu?" aliuliza.

"Niko."

Alisimama.

"Jephté alikuwa na maneno mingi," alisema, na machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti haikushuka. "Alinichokesha na maneno. Weye uko na moja tu."

"Mama, toka," Bavon alinong'ona, ameingia majini kumshika mkono. "Tafazali, mama."

"Acha mukono yangu."

Mama aliushika upande wa kitenge uliokuwa ukivutwa, akautoa kutoka kwenye maji kwa nguvu.

"Sikia, weye wa mule. Sitaita tena. Ata ku ndoto sitaita. Koo ya Timothée, iko na bibi anamungoja, rudisha leo. Sauti ya mutoto yangu, bakia nayo, ulishaichafula. Lakini mwili ni yangu. Nilimuzala miye, sikukupatia, sikukukopesha."

Maji hayakujibu.

"Maiti yangu," Mama Ursule alisema. "Leta."