Sekunde Mbili za Marahaba

Pimakuzi ilihitaji dakika mbili tu kumjua mtoto. Ilikuwa yai la kioo, refu kuliko mtu mzima, na ndani yake kulikuwa na kiti kidogo cha manjano. Mtoto akikaa, miale isiyoumiza ilipima mifupa yake, ikafuata mboni za macho yake. Kisha mashine iliuliza maswali manne, ikatoa hukumu. Mwaka huo wa 2093, kila mtoto wa Tabora aliyetimiza miaka minne alipitia humo. Aliyeonekana kuchelewa kusema alikwenda Nyumba ya Uamsho mwaka mzima, akatiwa nyuma ya sikio uzi wa sauti, uliomsukuma kutaja kila alichokiona.

Lubango, mhandisi aliyeiunda, alikuwa kliniki kuikagua asubuhi ile Bi Kabula alipomleta mjukuu wake, Misoji.

Mtoto alikaa, akaweka mikono mapajani. "Shikamoo," akaiambia mashine.

"Mpira huu una rangi gani?" mashine iliuliza, ikiunyanyua mpira kwa mkono wake wa chuma.

Misoji aliutazama mpira, akanyamaza. Aliyanyamazia maswali yote manne.

"Lugha ya miezi kumi na minane. Apelekwe Nyumba ya Uamsho," mashine ilisema.

"Nani, huyu?" Bi Kabula alicheka. "Huyu kanichosha kwa maswali tangu alfajiri, mpaka nikatishia kumfunga mdomo kwa kanga."

"Bibi, mashine haimpendi mtu wala haimchukii. Haisemi uongo," alisema Lubango.

"Haisemi uongo, ila haina adabu. Mtoto kaiamkia, imekaa kimya. Hata mbuzi wangu nikimwita huitika."

"Lakini kwa nini hakujibu?"

"Ajibuje, baba, na hajaitikiwa? Kwetu mtoto akiamkia, anangoja. Akianza kuropoka kabla ya marahaba, amekudharau. Wewe hukulelewa?"

Lubango alikuwa amelelewa. Pimakuzi ya kwanza ilijua kuitikia. Yeye ndiye aliyeifuta marahaba ili kuokoa sekunde mbili kwa kila mtoto. Kwa kazi hiyo alivishwa nishani.

Alichuchumaa mbele ya kiti.

"Marahaba, Misoji. Mpira huu una rangi gani?"

"Kijani. Ila umechubuka hapa. Mnauchezea vibaya."

Aliuliza mengine matatu. Misoji aliyajibu yote, kisha akauliza kama yai hilo hutaga. Lubango aliifuta hukumu, akaizima mashine.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Kabula. "Na wewe una watoto?"

"Mmoja. Ng'wasi. Ana miaka sita."

"Naye alipita humu?"

Lubango alitazama kile kiti cha manjano. Ng'wasi alilelewa na mama yake Lubango. Ng'wasi naye alikaa hapo, mikono mapajani, akaamkia, akanyamaza. Mama alimfuata Lubango hadi ofisini, akamwambia kwamba mtoto huyu nyumbani husema kutwa. Lubango alimjibu kuwa mashine haimpendi mtu wala haimchukii, akaweka saini. Mama alifariki kabla Ng'wasi hajarudishwa. Na uzi wa sauti, ukishaota mizizi, hautoki.

"Alipita," alisema.

Bi Kabula alimshika Misoji mkono, wakaondoka, mtoto akiuliza hili na lile hadi sauti yake ikapotea nje.

Lubango alipofika nyumbani, Ng'wasi alikuwa mlangoni, macho yake yakiangalia juu kidogo ya bega la baba yake.

"Baba amefika. Ni saa kumi na dakika nane. Shati ni la buluu. Mlango ni wa mbao."

Lubango alipiga magoti kwenye kizingiti, akainamisha kichwa kama mtoto mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, Ng'wasi."

"Kiatu ni cheusi," alisema mtoto. "Kiatu kina vumbi."

Lubango alinyamaza, mikono mapajani, akingoja aitikiwe.