Tadei na Ujumbe wa Daraja

Walikutana kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Ifakara mjini, siku ya foleni ndefu. Levina, gauni la kitenge cha bluu, nywele zimejaa pumba, alikuwa amekalia gunia lake. Tadei alikuja macho yote kwenye simu, akajikwaa kwenye miguu ya Levina.

"Kaka, huoni?"

"Samahani dada, nilikuwa nasoma kitu."

"Soma ukiwa umesimama, basi!"

Akacheka, akaomba namba, akapewa. Hata mimi nisingemnyima, kijana mtanashati vile, shati jeupe limenyooshwa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kidole. Ujumbe ukimfikia hausomi mpaka mwisho, anaurusha. Magrupu kumi na manne, jamani!

"Mpenzi, hivyo unavyorusha unavihakiki?" Levina alimuuliza mara ngapi?

"Nawasaidia watu wajue mapema, mama."

Haya, wakajua mapema.

Jumamosi ya kupeleka barua ya posa, wazee wa Tadei walitoka Mngeta asubuhi na mshenga wao, Mzee Dionisi. Kwa kina Levina kuku wameshachinjwa, baba kavaa koti la kanisani. Saa nane, hakuna mtu. Saa kumi, wajomba wakaanza kuulizia viatu vyao. Levina akapiga simu.

"Wazee wako wapi?"

"Wamerudi, mpenzi. Walipofika Mchombe wakapata ujumbe kwamba daraja la mbele limesombwa na maji."

"Daraja gani? Mjomba Deus amepita hapo mchana huu!"

"Ndivyo ujumbe ulivyosema."

"Nani aliwatumia?"

"Ulikuwa kwenye grupu la ukoo. Niliurusha mimi alfajiri. Sikuona kama ni wa mwaka jana."

Baba akavua koti. "Kama bado unamtaka, mwanangu, nitawapokea Jumamosi ijayo. Ukimkataa, sitakulaumu."

Jumatatu Tadei akamfuata sokoni anakouza mchele, akapiga magoti mbele ya wateja.

"Nisamehe, mke wangu. Nimekoma. Nimejitoa magrupu yote."

Levina alimpenda, na hilo ndilo lililomuudhi. Aliyatazama yale magoti yenye vumbi, hasira ikamlegea. Alikuwa anafungua mdomo amwambie ainuke, simu ikaita. Mdogo wake, Balbina.

"Hongera dada! Nimeona stetasi ya Tadei, umemsamehe, harusi Agosti! Mama ameshapigiwa na ndugu zetu wa Chita."

Levina akakata simu.

"Umeandika saa ngapi?"

"Nikiwa njiani. Nilijua tu utakubali."

"Ningekubali, Tadei. Ungenisubiri dakika tano tu, ningekubali. Sasa inuka, warushie na hili, kwamba nimekataa."

Levina, machozi yanamtiririka, akamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri, akamuuliza anataka kilo ngapi.