Msumari Uliosalia

Mashine ya kutafutia dhahabu ililia juu ya kitanda, ndani ya karavani, nyumba yao ya kukokotwa na gari. Clive Tregenza alikuwa akiijaribu tu kabla ya kuingia msituni. Akainua godoro. Upande wa Noreen, mkewe, palikuwa na msumari wenye kutu, umelowa udongo mwekundu.

"Takataka zako zimetufuata mpaka kitandani," Noreen akamwambia. "Nimekuchoka, mume wangu."

Alikuwa na haki. Kwenye machimbo ya jimbo la Victoria hata mlevi anaijua adabu: ukichimbua chuma chakavu tia mfukoni, ukakitupe mjini, na shimo ulifukie. Clive alikuwa mtu wa kurusha nyuma ya bega na kwenda zake. Juzi, chini ya mkalitusi, alichimbua misumari, akairusha, akaliacha shimo wazi. Noreen, aliyemfuata akimwokotea, akatumbukia kifudifudi. Tangu hapo alikuwa akikohoa.

Kesho yake msumari mwingine ulikuwa chini ya mto wake. Harufu ya udongo mbichi ikajaa karavani hata madirisha yakiwa wazi, na mchana kweupe wakasikia kitu kikigonga chini ya sakafu, taratibu, kama seremala asiye na haraka, na kila kilipogonga Noreen alikohoa, akashika kifua, akazidi kupauka, mpaka Clive, aliyezoea kucheka kila kitu, akaogopa kumpoteza.

Akamkimbilia Edda Hocking, bibi wa kambi ya jirani. Edda akamuuliza misumari ilikaaje ardhini.

"Ilizunguka," Clive akanong'ona. "Kama sanduku refu."

"Hilo ni jeneza, mwanangu. Umemfungulia mtu mlango, ukaondoka."

Wakaenda kwenye mkalitusi, wakapekua majani, wakairudisha shimoni misumari yote waliyoiona, pamoja na ile ya karavani. Edda akaomba, Clive akafukia huku akilia na kutaka radhi. Waliporudi, kugonga kulikuwa kumekoma. Noreen amelala, hakohoi.

Clive akafurahi mno. Ili moyo utulie, akawasha mashine akaipitisha kitandani. Godoro, kimya. Mto, kimya. Ilipofika juu ya kifua cha mkewe, ikalia. Noreen hakuvaa pete wala kifungo.

"Hapa usichimbe," akasema, macho ameyafumba, kwa sauti nzito ya mwanamume. "Fukia."