Yule wa Nyuma ya Magitaa

Jirani yangu ni fundi wa meno bandia, na kama kuna mtu asiyejua kutia chumvi kwenye habari, ni yeye. Haya nayasimulia kama alivyonisimulia. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi.

Ilianza asubuhi ya kawaida kabisa, kwenye karakana yake. Chumba chenyewe kidogo: meza yenye vumbi jeupe la plasta, mashine ya kusagia inayolia kutwa nzima, na taya za watu zimepangwa rafuni zikisubiri wenyewe. Ili kelele za mashine zisimtie wazimu, fundi huvaa hedifoni na kusikiliza metali. Ndiyo, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na watu wanaoimba kama wamebanwa vidole na mlango. Mwanamke mzima, mpole barabarani, lakini humwambii kitu kuhusu metali.

Bendi kubwa hakuwa na habari nazo. Alisema zina wa kutosha wa kuzisifia. Yeye alipenda zile ndogo zinazojirekodi stoo na gereji, ambazo hazina mashabiki zaidi ya ndugu zao. Zilimtumia rekodi, naye akaziandikia maoni kwenye blogu yake: anasifu kimoja, anashauri kimoja. Walishika ushauri wake kama dawa ya hospitali. Akisema ngoma zimezidi, kesho yake zimeshushwa.

Asubuhi hiyo alikuwa na rekodi ya wanaume watatu. Mwimbaji wao alikuwa na pengo la meno ya mbele. Hakuliona, alilisikia, upepo ulivyopenya na kupiga mluzi kati ya maneno. Akacheka peke yake. Halafu, katikati ya wimbo, nyuma kabisa ya magitaa, akamsikia mwanamke.

Haikuwa kuimba. Alikuwa anaita taratibu, kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili na hataki kusumbua. Fundi akazima mashine, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akaandika: "Mwimbaji, njoo nikutengenezee meno. Na huyo dada wa nyuma ndiye roho ya rekodi hii. Mbona mmemficha? Mpandisheni sauti."

Jioni mpiga ngoma akamjibu. "Dada, sisi hatuna mwanamke. Ila tumesikiliza tena, na kweli yupo. Tunampandisha."

Fundi akaona wanajitia mafumbo tu, maana vijana wa metali kwa kujitia kiza hawajambo. Akarudi kwenye meno yake.

Nyumbani aliishi na binti wa kaka yake, msichana waliyempachika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea akipika, akifua, hata akipiga mswaki. Baba yake alikuwa amehamia mbali kikazi, akamwacha kwa shangazi yake, na shangazi mtu alimpenda kupita kiasi. Chiriku naye alikuwa na bendi yake, yeye na rafiki zake wawili wa kike. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji.

Siku kadhaa baadaye mpiga ngoma akaandika tena.

"Dada, mwenzetu mwimbaji amepoteza sauti. Unajua ukipandisha mmoja lazima ushushe mwingine, la sivyo wanagongana. Tulimpandisha yule dada, tukamshusha yeye. Usiku ule ule sauti yake ikaanza kukwaruza. Sasa hata kunong'ona hawezi. Daktari anasema koo ni zima. Na kwenye rekodi hayumo tena, wala yule dada hayumo. Yamebaki magitaa."

Fundi aliusoma ujumbe huo mara nyingi. Akampa pole, akamwambia wajaribu daktari mwingine. Angesema nini?

Jumamosi mchana Chiriku akaingia jikoni anatweta, simu mkononi.

"Shangazi, usiseme kitu. Kaa. Rekodi yetu imekamilika!"

"Mbona sauti imekauka?"

"Ah, nimepiga kelele studio tangu asubuhi. Sikiliza."

Akasikiliza. Ilikuwa nzuri, na moyo wake ukajaa. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, juu ya magitaa, juu ya Chiriku mwenyewe. Na kati ya maneno, mluzi wa pengo.

Akaisimamisha rekodi.

"Huyu nani?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ilikuwa ndogo.

"Hata hatumjui! Tulimkuta tu huko nyuma. Nikasema shangazi angekuwepo angesema apandishwe. Nikampandisha. Umefurahi?"

"Mshushe."

"Shangazi?"

"Mshushe sasa hivi!"

Wakatoka mbio. Studio ilikuwa chumba nyuma ya duka la vitambaa. Fundi mitambo wa pale akamshusha yule mwanamume mpaka mwisho. Akaendelea kusikika. Wakamfuta. Akaendelea. Kisha akakatika ghafla, na sauti ya Chiriku ikakatika naye. Chiriku akafungua mdomo kusema kitu. Hakikutoka kitu.

Simu ya shangazi mtu ikalia mfukoni. Ujumbe wa mpiga ngoma.

"Dada, amepona! Ameanza kuongea sasa hivi, yuko mezani anakula na kulia!"

Nyumba ikawa kimya. Kimya gani! Chiriku aliosha vyombo midomo ikicheza, na maji tu ndiyo yaliyosikika. Kaka mtu alipopiga simu, fundi alimdanganya: amelala, ametoka, ana mtihani. Hospitali walisema koo ni zima. Usiku msichana alikuja kulala miguuni kwa shangazi yake kama alipokuwa mdogo.

Fundi akapiga moyo konde, akamwandikia yule mwenye pengo. Ulipokuwa huna sauti, ulijisikiaje?

Jibu lilichelewa.

"Mwili ulikuwa nyumbani. Lakini kuna kitu changu kilikuwa mahali pengine. Giza. Nilisikia magitaa ya watu nisiowajua, yanakuja na kupita. Nilikuwa naita. Dada, sitaki kuongea habari hizo tena."

Tangu hapo fundi hakusaga jino hata moja. Wateja waligonga mlango wakirudi na mapengo yao. Yeye alikaa na hedifoni, akifungua kila rekodi iliyoingia, akitafuta nyuma ya magitaa. Hapo hakuna. Hapa hakuna. Huku kelele tupu. Hakula. Alitafuta.

Akampata.

Ilikuwa rekodi ya bendi changa, watu wema, walioandika salamu ndefu. Mwimbaji wetu, walisema, mchana ni mwalimu wa chekechea, anawaimbia watoto nyimbo za kuhesabu. Jioni ananguruma nasi. Tunaomba maoni yako, hata makali. Na nyuma yao, mbali kabisa, mtoto wa kaka yake.

"Shangazi. Shangazi, niko huku. Shangazi."

Alilia mpaka hedifoni zikalowa. Neno moja tu lingetosha: mpandisheni. Aliliandika, akalifuta. Akasoma tena habari za mwalimu. Akawafikiria wale watoto wa chekechea. Akamsikiliza Chiriku tena, na safari hii sauti ilikuwa mbali zaidi. Inapita. Inakwenda.

Akaandika: "Mpandisheni msichana wa nyuma." Akatuma kabla mkono haujakataa.

Keshokutwa asubuhi alikuwa jikoni anachemsha maji.

"Shangazi! Sabuni imeisha!"

Akakaa chini sakafuni, palepale, na kuangua kilio. Chiriku akatoka bafuni na povu kichwani, anaongea, anauliza kuna nini, anaongea, anaongea, na kila neno lilikuwa lake. Nyumba nzima ikajaa.

Mchana ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa mwalimu, na chini yake maneno machache: "Dada, tumefuata ushauri wako. Samahani kwa kukwaruza, nadhani watoto wamenichosha."

Fundi hakuufungua. Alifunga blogu, akagawa hedifoni, akarudi kwenye meno. Chiriku hajaambiwa kitu, na wewe ukikutana naye usimwambie.

Juzi jirani yangu alinionyesha simu. Nilimwambia labda mwalimu ana mafua tu, watu hukwaruza koo kila siku. Alinyoosha kidole pale chini ya ujumbe, panapoonyesha urefu wake. Ulipoingia ulikuwa mfupi, kama wa salamu tu. Siku niliyouona mimi urefu ulikuwa umepita saa nzima, haujafunguliwa, na namba zilikuwa bado zinaongezeka.