Mfupa wa Elieth

Ilipofika saa nne, wanafunzi wa darasa la sita katika shule moja ya Bomani, mjini Tarime, walipanga foleni ya uji. Vikombe havikutosha, kwa hiyo walikunywa wawiliwawili. Elieth alikunywa peke yake.

Nyuma ya ulimi wake kulikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama punje ya hindi. Haukumuuma, ila ulimsumbua kumeza ugali. Siku iliyotangulia alimwonyesha rafiki yake mmoja tu, Judith. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, darasa zima lilikuwa na habari.

"Ameapa kiapo cha uongo," Judith aliwaambia. "Ndiyo maana ulimi wake umeota mfupa. Ukinywa naye, na wewe utaota."

Elieth hakulia. Alikasirika, akaitunza hasira yake kama moto chini ya majivu. Judith aliwahi kulala kwao, na asubuhi godoro likakutwa limelowa. Elieth alilianika mwenyewe, akanyamaza. Sasa alingoja siku ya kulisema mbele ya watu. Alilirudia moyoni kila alipolala, hadi likawa tamu.

Mama yake, Regina, alimpeleka hospitali, akamweleza daktari na yale ya kiapo. Daktari alimpa dawa ya usingizi, akaukata ule uvimbe. Majibu ya maabara yalipotoka, aliwaita.

"Ni mfupa kweli," alisema. "Umeota mahali pasipo pake. Ni jambo la nadra sana. Si saratani, hauambukizi, wala haukuletwa na kiapo."

"Atapona kabisa, daktari?" mama aliuliza.

"Ameshapona, mama. Ila asiseme sana kwa sasa."

Elieth aliitikia kwa kichwa. Yeye alihitaji kusema neno moja tu.

Siku aliyorudi shuleni, Mwalimu Gasto alimsimamisha mbele ya wenzake wakati wa uji. Elieth alieleza yote aliyosema daktari. Kisha akamgeukia rafiki yake.

"Judith," aliita, "na wewe..."

Judith alijua kinachokuja. Alitazama chini. Elieth alimwacha ateseke kidogo, alistahili. Lakini wenzao, waliokumbuka ni nani aliyewadanganya, walikwisha kuanza kujitenga na Judith, na Elieth alikijua vizuri kile kiwanja kitupu anachoachiwa mtu.

"Na wewe leta kikombe, tunywe."

Judith alikuja akilia. "Nisamehe, Elieth."

Mwalimu Gasto aliwatazama wote. "Husemwa kwamba ulimi hauna mfupa," alisema. "Wa Elieth ulikuwa nao, na haukumdhuru mtu. Ndimi zetu zisizo na mfupa ndizo zilizomuumiza. Mkiona ugonjwa msioujua, ulizeni daktari kabla ya kusema. Na aliyekosewa akiweza kuuzuia ulimi wake, huyo ameshinda."

Walipokezana kikombe hadi uji ukaisha. Elieth akainama sikioni mwa Judith.

"Lile la godoro nimelimeza," alimnong'oneza. "Usinifanye nilitapike."