Mdomo wa Filamu

– Filamu haina mdomo, Dorkasi. Mdomo wake ni mimi. Nikisema hilo ni jua, ni jua. Nikisema ni ugali, nyie mkanawe mikono.

Fanueli alijigamba hivyo huku akining'iniza shuka jeupe ukutani, katika darasa la Myamba lililozibwa mablanketi madirishani. Tangu Bwana wa filamu amwajiri ukalimani, koti la kaki halikumtoka mwilini.

Dorkasi alicheka. Jumamosi walikuwa wanafunga ndoa. Baba yake, Mzee Naftali, alikuwa amekataa posa, akisema hamwozeshi binti yake kengele, inayolia kwa yeyote anayeitikisa. Lakini Mzee alikamatwa kule Same, watu walipoketi kupinga mbiru, kodi mpya ya serikali iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, na baba mdogo wa Dorkasi, Danieli, akaridhia. Fanueli aliapa kwamba siku ile alimtetea mkwewe mpaka sauti ikamkauka.

Mashine ikakoroma. Same ikatokea shukani, umati mavumbini. Watu wakaitana majina kwa furaha, Fanueli akiwaeleza nani anadai nini. Halafu akajiona. Uso wake umelijaza shuka zima, kando ya ofisa mzungu aliyekuwa akimtafsiria siku ile, midomo ikichezacheza. Hakujua kwamba kamera ilimwona.

– Hapa, ndugu zangu, namsihi Bwana Mkubwa apunguze kodi.

Makofi. Dorkasi alipiga kuliko wote.

Shangazi Eliwaza hakupiga. Dada huyu wa Naftali alizaliwa kiziwi, maneno ya watu huyasoma midomoni. Alisimama, akamnyooshea kidole Fanueli wa shukani, kisha akajivuta sikio la kushoto. Myamba nzima iliijua ishara ile: ndivyo anavyomwita kaka yake, mwenye sikio lililopasuka. Halafu akakutanisha mikono yake kama mtu aliyetiwa pingu.



– Anasemaje? aliuliza baba mdogo Danieli.

Dorkasi aliacha kupiga makofi.

– Anasema hapo Fanueli anamtaja baba kwa mzungu, ili afungwe.

– Shangazi hasikii, mpenzi, alisema Fanueli. Atajuaje?

– Ndiyo maana hujawahi kumdanganya.

Shukani, askari wawili walikuwa wanapenya umatini, moja kwa moja hadi kwa mzee mwenye sikio lililopasuka. Fanueli alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Dorkasi alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya mashine.

– Mbona umenyamaza, mkalimani? Filamu haijaisha. Tafsiri.